Alzheimer: Njia za ubongo zinapokatika, wazee wa Masisi na Walikale wapimwe vipi?

Kabla mzee hajaanza kupotea njia ya kwenda shambani, njia zilizomo ndani ya ubongo wake huenda zimekuwa zikiharibika kwa miaka mingi. Hayo ndiyo yanayooneshwa na tafiti za ugonjwa wa Alzheimer. Lakini katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, vita na uhaba wa huduma hufanya dalili hizo zichelewe kutambuliwa, au zipewe jina jingine: uzee, wazimu, hata uchawi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, mwaka 2021. Zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa.

Kama njia panda ya Sake

Ubongo haufanyi kazi kwa vipande vilivyotengana. Sehemu zake huwasiliana kama miji iliyounganishwa na barabara. Mkazi wa Kivu anaijua Sake: barabara itokayo Goma hugawanyika hapo, moja ikipanda Masisi na nyingine ikielekea Minova na Bukavu. Sake ikifungwa, vijiji vinabaki mahali pake, lakini maharage na jibini ya Masisi havifiki sokoni Goma.

Alzheimer hushambulia njia panda za namna hiyo. Protini iitwayo amiloidi hujikusanya kati ya seli, na nyingine iitwayo tau hujikunja ndani ya seli na kuenea kwa kufuata njia zinazoziunganisha. Mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake nchini Marekani walieleza mtandao wa ubongo unaofanya kazi mtu anapopumzika, akikumbuka yaliyopita au kuwazia yajayo. Miaka mitatu baadaye, watafiti wengine walionesha kuwa mtandao huo umedhoofika kwa wagonjwa wa Alzheimer, hasa mawasiliano yake na hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusimulia vizuri ujana wake, lakini asikumbuke alichokula asubuhi.

Kati ya uzee wa kawaida na ugonjwa kuna hatua ya katikati: kumbukumbu imepungua kuliko inavyotarajiwa kwa umri huo, lakini mtu bado anajitegemea. Katika hatua hii picha huonesha jambo la kushangaza: baadhi ya sehemu za ubongo hufanya kazi zaidi ya kawaida, kama wachuuzi wanaozunguka kwa njia ndefu baada ya barabara kuu kufungwa. Si kila aliye katika hatua hii huishia kwenye dimenshia. Wengine hubaki hivyo, na wengine hupata nafuu.

Mashine iko mbali, vita viko karibu

Mabadiliko hayo huonekana kwa mashine ya MRI. Mjini Kinshasa, timu ya Jean Ikanga, mtaalamu wa saikolojia ya ubongo wa Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani na Chuo Kikuu cha Kinshasa, imetumia picha hizo pamoja na vipimo vya damu kwa wazee Wakongo. Ila Kinshasa iko karibu kilomita 1,500 kutoka Masisi.

Na barabara zenyewe hazitulii. Waasi wa M23 waliingia Masisi Januari 2025, kisha mji wa Walikale mwezi Machi kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Kwa mzee aliyeanza kusahau, kuhama ni pigo la pili. Nyumbani huongozwa na mazoea: mlango uleule, kisima kilekile, jirani yuleyule. Akifika kambini, yote hayo hayapo, na udhaifu uliojificha hujitokeza ghafla.

Hatari nyingine ni tuhuma. Mwaka 2021, katika jimbo jirani la Kivu Kusini, wanawake kadhaa waliuawa baada ya kuitwa wachawi. Mama mzee anayetangatanga usiku au kuongea yasiyoeleweka huhitaji matibabu, si hukumu.

Kupima bila mashine

Katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, uchunguzi wa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulikadiria kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Huko ndiko kulikotengenezwa kipimo cha IDEA kwa ajili ya wazee ambao wengi hawakusoma. Mzee huulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani. Hutaja wanyama anaowajua, hukumbuka orodha ya maneno na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hahitaji kalamu, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kukifanya.

Kipimo hicho hakitoi jibu la mwisho. Malaria, upungufu wa maji mwilini, ukosefu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi, baadhi ya dawa na majonzi mazito huweza kuvuruga akili, na mengi kati ya hayo hutibika. Mzee aliyechanganyikiwa ndani ya saa au siku chache apelekwe hospitali haraka. Aliyebadilika polepole kwa miezi apimwe, na familia imweleze mganga ni lini na nini kilianza. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna Sosame.

Bado hakuna dawa ya kuponya Alzheimer. Hata hivyo, ripoti ya wataalamu katika jarida la Lancet mwaka 2024 ilisema karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kati ya mambo 14 iliyoyataja kuna shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa, majeraha ya kichwa, elimu duni na upweke.

Shinikizo la damu hupimwa hata katika kituo kidogo cha afya. Upweke nao hupunguzwa kwa kumweka mzee karibu na watu anaowajua, hata kambini.