Filamu ni shamba: kodisha, usiuze

Wamama, vijana wetu wanajua kutengeneza filamu. Kuuza ndiko kunawashinda. Filamu «Maman Colonelle» ya Dieudo Hamadi, juu ya mama polisi wa Bukavu na Kisangani anayelinda wanawake na watoto, ilionyeshwa kwanza Berlin mwaka 2017. Matamasha makubwa yanapenda filamu mpya: mtoto asiiweke yote kwenye intaneti mapema. Atayarishe muhtasari, picha, kipande kifupi cha kuonjesha, tafsiri chini ya picha, na ruhusa ya muziki iliyoandikwa. Mnunuzi wa intaneti akileta mkataba, muulize: nchi zipi, miaka mingapi, yeye peke yake? Abakize haki ya kuonyesha vikundini na shuleni. Akisaini «haki zote, milele», shamba limekwenda.