Pikipiki imebadilika, bima haina habari

Pikipiki inayotoka dukani Tabora mjini haikuundwa kwa ajili ya njia za Sikonge msimu wa tumbaku. Imeundwa kubeba dereva na abiria mmoja kwenye barabara ya kawaida. Ikishakaa kijiweni kwa muda, unaikuta imekuwa chombo kingine. Nyuma imechomelewa keria ya vyuma, shokapu zimeongezewa springi, sproketi imebadilishwa ili ivute mchangani, bomba la moshi limetobolewa, na taa ya awali imepewa wenzake wawili wenye mwanga wa kupofusha.

Kila badiliko lina sababu yake, na nyingi ni sababu za mtu anayetafuta riziki kwa akili. Nchi ya Unyamwezi ni mchanga na miombo. Ukiacha lami zinazokwenda Nzega, Urambo na Sikonge, vijiji vingi vinafikiwa kwa njia ambazo gari dogo hukwama. Anayefika huko ni bodaboda. Ndiye anayetoa dumu la asali porini, ndiye anayepeleka robota la tumbaku ghalani, na usiku wa manane ndiye anayeamshwa kumkimbiza mama mjamzito zahanati. Huwezi kumlaumu kwa kukiimarisha chombo chake.

Tatizo liko kwenye karatasi. Bima aliyonayo ilikatwa kwa ile pikipiki ya dukani, na hii anayoiendesha leo kampuni haijawahi kuambiwa habari zake. Siku zote za salama tofauti hiyo haionekani. Huonekana siku ya ajali, na siku hiyo muda wa kuirekebisha umekwisha.

Fundi anabadili nini hasa

Mabadiliko hayalingani uzito, na ni vizuri kuyatenganisha. Kuna yale ya kuvuta mzigo: sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi hupunguza mwendo wa juu lakini huongeza nguvu ya kupanda na kutoka mchangani. Kuna yale ya mwendo: sproketi yenye meno machache nyuma, kabureta kubwa, silinda iliyochongwa kupokea pistoni kubwa. Kuna ya kubeba: keria ndefu, siti iliyorefushwa, fremu iliyounganishwa chuma. Halafu kuna ya kuonekana na kusikika tu, kama rangi na mlio wa bomba.

Aina ya pili na ya tatu ndizo zinazogusa roho za watu. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, umeongezeka kwa nusu tu, lakini nishati ambayo breki inapaswa kuizima imeongezeka zaidi ya mara mbili. Pikipiki nyingi za biashara nchini bado zina breki za ngoma, zilizopimwa kwa injini ya kiwandani na uzito wa kiwandani. Fundi anapoongeza nguvu ya injini bila kugusa breki, ametengeneza chombo kinachojua kukimbia kuliko kinavyojua kusimama. Keria ndefu nayo husogeza uzito nyuma ya ekseli, tairi la mbele likawa jepesi, na usukani hautii tena vizuri kwenye kona. Kampuni ya bima huyaangalia mambo hayo kwa jicho la biashara: hatari imeongezeka, lakini ada iliyolipwa ni ya hatari ndogo.

Bima ndogo na bima kubwa

Bodaboda wengi wana bima ndogo, ile ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaidai kwa kila chombo cha moto barabarani. Bima hii inamlinda mtu mwingine: mwenda kwa miguu aliyegongwa, abiria aliyeumia. Haimlipi dereva mguu wake uliovunjika, wala haimrudishii mwenye pikipiki chombo chake. Bima kubwa huongeza wizi, moto na uharibifu wa pikipiki yenyewe, na mara nyingi hukatwa pale pikipiki inapochukuliwa kwa mkopo.

Kwa bima kubwa, badiliko lililofichwa ni sababu tosha ya dai kukataliwa. Mkataba ni baina ya mteja na kampuni, na mteja aliyejaza fomu kuwa ana pikipiki ya kawaida hawezi kudai fidia ya pikipiki yenye injini iliyochongwa.

Kwa bima ndogo mambo ni tofauti, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Sheria za Afrika Mashariki zilifuata kiolezo cha Kiingereza cha miaka ya 1930, ambacho shabaha yake ilikuwa kumlinda aliyegongwa. Sura ya 405 ya Kenya, kwa mfano, kifungu cha 16, inaizuia kampuni kumnyima mwathirika haki yake kwa kisingizio cha hali ya chombo, idadi ya abiria, uzito wa mzigo au nguvu ya injini. Kampuni italipa. Ila sheria hiyo hiyo inairuhusu kampuni kumgeukia mteja wake na kumdai ilichomlipia. Zaidi ya hapo, kampuni ikiwahi mahakamani na kuthibitisha kuwa bima ilipatikana kwa kuficha jambo kubwa, inaweza kujitoa kabisa kwenye deni.

Maana yake ni kwamba stika ya bima inaweza kumfikisha majeruhi kwenye fidia, kisha ikamwacha mwenye pikipiki na deni. Mtu aliyekata bima ili asifilisike anafilisika akiwa na bima mkononi.

Jambo jingine lenye uzito uleule ni matumizi. Pikipiki iliyokatiwa bima ya mtu binafsi kisha ikapakia abiria wa nauli imebadilika hata kama fundi hajaigusa. Mishikaki nayo, abiria wawili au watatu juu ya siti iliyorefushwa, ni matumizi ambayo hakuna kampuni iliyoyapokelea ada.

Anayebadili na anayedaiwa

Pikipiki nyingi za kijiweni si mali ya anayeziendesha. Kuna bosi anayepokea hesabu kila siku, na kuna za mkataba, ambazo dereva hulipa kidogo kidogo hadi ziwe zake. Anayekata bima ni bosi, jina lililo kwenye kadi ni lake, lakini anayekwenda kwa fundi ni kijana. Bosi hajui kuwa silinda imechongwa. Kijana hajui fomu ya bima ilijazwa nini. Na kati yao kuna deiwaka aliyeazimwa chombo kwa siku moja, asiyejua lolote kati ya hayo.

Kadi ya pikipiki nayo ina neno lake. Imeandikwa namba ya injini, namba ya chesisi, ujazo wa injini na rangi. Injini ikibadilishwa na nyingine bila taarifa kufikishwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kadi inakuwa shahidi dhidi ya mwenye nayo: inaeleza chombo ambacho hakipo tena. Huhitaji wakili mkubwa kuona namna dai litakavyoanza kuyumba hapo.

Somo la wapagazi

Mji wetu wa Tabora una historia ndefu ya kuelewana kabla ya safari. Karne ya 19, misafara ilipotoka Bagamoyo kuja Kazeh, Tabora ya leo, ambako wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857, na kuendelea hadi Ujiji, mzigo wa mpagazi ulikuwa jambo la mapatano. Kiasi kilichozoeleka kilikuwa kama frasila mbili, takriban kilo 32. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa uimara, na vilevile kwa kutokubali kuongezewa mzigo kinyume cha makubaliano. Msafara ulioongeza uzito kimyakimya ulijikuta mizigo imelala chini na watu wametoweka porini. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi yao ilififia, lakini kanuni yao ni ileile inayosimamisha bima: mzigo ukiongezeka, masharti yanazungumzwa upya, na yanazungumzwa kabla.

Kanuni hiyo haimfungi mteja peke yake. Kesi ya Carter na Boehm, iliyoamuliwa London mwaka 1766, ndiyo inayotajwa kila mara kampuni zinapozungumzia wajibu wa mteja kusema kweli. Ilihusu bima ya ngome ya Waingereza huko Sumatra iliyotekwa na Wafaransa. Jaji Lord Mansfield alisema wazi kuwa kuficha jambo kubwa huvunja mkataba. Wasiosoma hadi mwisho hawajui kuwa kampuni haikushinda: mwenye bima alilipwa, kwa sababu aliyempa bima alijua au alipaswa kujua hatari iliyokuwepo, na wajibu wa uaminifu unawabana wote wawili.

Hapo ndipo ninapozigeukia kampuni. Wakala yeyote anayeuza bima Tabora anapita mbele ya vijiwe kila siku na anaona keria zilivyo. Akikata stika bila kuuliza swali hata moja, kisha kampuni yake ikashangaa siku ya ajali, uaminifu uko wapi? Fomu ziandikwe kwa Kiswahili, na ziulize bila kuzunguka: pikipiki ina keria? Injini imeguswa? Inabeba abiria wa nauli? Ada ya mabadiliko ya kawaida ipangwe na itangazwe, ili kusema kweli kusiwe adhabu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyopewa nguvu na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ina uwezo wa kulisimamia hili.

Kwa bodaboda na bosi wake, yaliyo mikononi mwenu ni machache na hayahitaji mtaji. Hakikini stika kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya usajili, maana stika bandia ni sawa na kutokuwa na bima. Hakikisheni imekatwa kwa biashara kama pikipiki inafanya biashara. Kabla ya kwenda kwa fundi, iandikieni kampuni barua fupi kueleza kinachobadilishwa, na mtunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bosi na dereva waandikiane kuwa hakuna badiliko bila ruhusa. Na dai likikataliwa kwa njia isiyo ya haki, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa kwa ajili ya mteja wa kawaida.

Imarisheni pikipiki zenu, njia zetu zinalazimisha. Lakini aliyepokea ada yenu aambiwe leo, kwa maandishi, wakati pikipiki ingali imesimama kijiweni.