Utando wa Kuvu Mshipani na Vizazi Vyake Vihamavyo

Watu wa Gatitu, hapa kwetu Kenya, waliopata kumuuguza jamaa aliyelazwa siku nyingi wanaujua mpira mwembamba upitishao dawa na maji mshipani. Lakini si wengi walioelezwa ya kwamba mpira huo, ukikaa muda mrefu, huweza kuwa maskani ya kuvu, na kwamba homa irudiayo baada ya dawa kuonekana kufaulu yawezekana asili yake ni hapo.

Kuvu mashuhuri katika maradhi haya ni Candida albicans, ambayo huishi kinywani na tumboni mwa watu wengi wenye afya bila ya kuwadhuru. Chembe zake, zenye umbo la hamira, zikiushika ukuta wa mpira hutoa nyuzi, nyuzi zikafumana, na katika muda wa siku moja au mbili utando umekwisha kukomaa na kujivika ute. Mkulima wa kahawa anaufahamu ute unaong'ang'ania buni iliyomenywa, usiotoka kwa maji matupu mpaka uchachushwe. Huu wa kuvu huzidi hapo, kwani glukani iliyomo, ambayo ni aina ya kabohaidreti, huinasa dawa ya flukonazoli kabla haijazifikia chembe zilizo chini.

Wengi hudhani utando hueneza maradhi kwa kumeguka tu. Vipande humeguka, ni kweli. Lakini mwaka 2010 mtafiti Priya Uppuluri na wenzake walidhihirisha kwamba nyuzi za tabaka la juu huzaa chembe mpya za hamira, ambazo hujiachia na kuchukuliwa na mkondo, wala jambo hili halingoji utando uzeeke. Tena, na hili ndilo linalonitia hofu, chembe hizo zihamazo zilikuwa na nguvu zaidi ya kunata, na ziliwadhuru panya zaidi, kuliko zile zilizokuzwa zikielea.

Huku kwetu Kenya hatari imeongezeka kwa Candida auris, iliyotambuliwa Japani mwaka 2009, ambayo hudumu wiki kadhaa juu ya vitanda na vyombo. Katika Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, baina ya 2010 na 2016, ndiyo iliyoonekana katika asilimia 38 ya wagonjwa 201 waliokuwa na kuvu za jamii ya Candida damuni.

Kwa kuwa utando hukinga kuvu na kuachia chembe hivyo, kuutoa mpira ni sehemu ya tiba yenyewe, na jamaa ana haki ya kumwuliza daktari kila siku kama bado unahitajika. Hata ukitolewa, dawa huendelezwa siku 14 tangu damu ithibitike kuwa safi, na macho ya mgonjwa hukaguliwa, kwa kuwa chembe zilizotangulia kuhama huenda zimekwisha kufika jichoni, figoni au kwenye vali za moyo.