Kagari kadogo mu Lubumbashi: maji, batiri, vumbi na freni

Wandugu, wengi wa promosyoni yetu wameanza kununua gari ndogo, na ni jambo ya kufurahia. Mwenye kufundisha ku sekondari, mwenye kutumika ku mine, mwenye kuuza mbegu na dawa za mimea, kila mutu anaweka-weka pesa miaka mbili ao tatu, kisha anarudi ku nyumba na Vitz ao IST. Kununua si njo mwisho wa mambo. Gari inakufa kwa vitu vidogo-vidogo, na hivi vidogo njo ninataka kuandika leo, juu nimeona bacamarade wawili wameuza gari kwa bei ya kutupa sababu ya pane yenye mutu angeweza kuzuia na pesa ya krediti ya telefone.

Mimi siko fundi. Nimesoma agronomi kama wengine wenu. Lakini mimi na yaya yangu tuko na IST ya mwaka 2004, na hiyo gari njo mkate wetu. Asubuhi inapeleka mayai kwa wateja, mchana inanipeleka njia ya Kipushi pale ninashauri wakulima, jioni yaya anaitumia. Ikilala ku garaji siku tatu, mayai yanabaki ku nyumba, na mteja wa mayai hangoji mutu.

Kwanza muelewe gari yenyewe. Karibu zote hizi zimetumika Japani mbele ya kufika kwetu. Nyingi zinashuka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingia ku Kasumbalesa. Njo maana volani iko upande wa kuume, na sisi tunatembea kuume ya barabara. Mu mji haina shida kubwa. Lakini ku njia ya Likasi, nyuma ya kamyo ya mine, dereva haoni mbele mpaka gari nzima imetoka inje. Kuacha nafasi kubwa nyuma ya kamyo kunasaidia kuona kuliko kujibana karibu nayo. Na mwenye kukaa kushoto njo anaona. Basi akae macho, asilale. Tena taa: Japani wanatembea kushoto, kwa hiyo taa zao zinatupa mwangaza mwingi upande wa kushoto, na kwetu kushoto njo kunatoka gari za mbele. Fundi anaweza kushusha taa kidogo kwa skrubu yenye kuwa nyuma ya taa. Hiyo haimalizi shida yote, inapunguza tu.

Moteri za IST, ile ya 1.3 na ile ya 1.5, ziko na cheni ndani, haziko na mukaba wa distribisyo. Fundi akikuambia, "Patroni, tubadirishe kuruwa ya distribisyo," umuombe kwa upole akuonyeshe iko wapi. Mukaba wenye kuonekana inje ni wa alternateri na vitu vingine. Huo ndiyo, unazeeka na unabadirishwa. Mafuta ya moteri inaomba karibu lita 3.7 na filtri. Ukiona kijiti cha kupimia kinaonyesha chini, ongeza; usingoje taa nyekundu ya mafuta, juu ikiwaka hiyo taa, vyuma vimeshaanza kukulana.

Sasa tuingie mu maji, pale gari nyingi zinafia.

Mu radiateri watu wanatia maji ya robine ao ya kisima. Sisi wa agronomi tunajua ile hadisi: maji yenye chumvi za chokaa ukiyapitisha mu tiyo ndogo za kumwangilia, kisha muda matundu yanaziba. Radiateri ni tiyo ndogo-ndogo nyingi zimepangwa, na ndani mule maji yanakuwa moto. Angalia tu chini ya birika ya mama ku nyumba, ile kitu nyeupe yenye kushikamana. Hiyo njo inakaa mu radiateri. Maji ya rangi yenye kuuzwa mu bido si urembo: iko na dawa ya kuzuia kutu na inachemka kwa joto ya juu kuliko maji matupu. Kama pesa ni kidogo, nunua ile ya kukoroga na uikoroge na maji ya batiri, yenye haina chumvi.

Tena kifuniko. Watu wanasema kifuniko ni kifuniko. Hapana. Juu ya kifuniko cha radiateri kunaandikwa namba, mara nyingi 1.1 ao 108 kPa. Ni kipimo cha presyo. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji mu sufuria yanachemka karibu digri 96, si 100. Kifuniko kizima kinafunga presyo ndani, na maji yanaweza kupita 115 bila kuchemka. Kifuniko chenye kaucho imepasuka kinaachilia presyo, maji yanachemka mapema, yanatoka, na mutu anaanza kusema radiateri imeharibika, anabadirisha radiateri nzima. Anza na kifuniko. Ni kitu cha bei kidogo kuliko vyote mu hiyo mashini.

Na termostati. Hapa niko na hasira kidogo, munivumilie. Ku garaji nyingi, gari ikipata joto, neno la kwanza ni: "Patron, huku kwetu kuko joto, hii kintu haina kazi, tuitoshe tu." Wanaitosha, wanafunga, gari inaenda, kila mutu anafurahi. Sasa sikia yenye kufanyika kisha. Termostati ni mulango: moteri ikiwa baridi unafunga ili moteri ipate joto mbio, ikifika karibu digri 82 unafunguka na maji yanaenda ku radiateri. Bila mulango, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, pale Lubumbashi baridi inauma, moteri inatembea baridi kilometre nyingi. Ordinateri ya gari inaona baridi, inazidi kutia esansi. Unanunua esansi mingi, mafuta ya moteri yanachafuka mbio. Na kuko jambo lingine lenye watu hawajui: kwa moteri nyingi, ile termostati ikifunguka inaziba pia njia ndogo yenye kurudisha maji ku moteri bila kupita ku radiateri. Ukiitosha, ile njia ndogo inabaki wazi, na maji mengine yanazunguka tu mule ndani bila kupoa. Kwa hiyo umeitosha sababu ya joto, na joto inaweza kurudi vilevile.

Kuipima ni rahisi, mama anaweza kukuchekelea ku jikoni lakini inatumika. Itie mu sufuria ya maji, weka ku mbabula. Mbele maji yachemke, inapaswa kufunguka mbele ya macho yako. Maji yakichemka na yenyewe ingali imefunga, imekufa. Nunua ingine na uirudishe pale pale.

Vantilateri nayo inapimwa bila fundi. Washa klima. Kwa gari hizi vantilateri inapaswa kuzunguka. Ikizunguka na klima lakini gari inapata joto mu foleni bila yenyewe kuzunguka, angalia sensa ya joto na waya zake. Isipozunguka hata na klima, anza na fizibu, kisha rele, kisha moteri ndogo ya vantilateri yenyewe. Gari yenye kupata joto mu foleni lakini inapoa ku njia kubwa, mara nyingi ni vantilateri, juu ku njia kubwa upepo unafanya kazi yake.

Vitz nyingi hazina sindano ya joto. Ziko na taa mbili: buluu moteri ikiwa baridi, nyekundu joto ikipita. Watu wamezoea kusema "nimalizie tu mpaka ku nyumba." Jirani wetu mumoja wa Katuba, mutu wa taxi, alimalizia vile kilometre tatu. Kichwa cha moteri ni aluminyumu. Joto ikipita kinajipinda, na ile jwa ya kulasi, kipande chembamba chenye kukaa katikati ya kichwa na bloki, inaungua. Alipeleka gari ku garaji na bei ya kazi ikamshinda. Sasa anaendesha ya mwengine na kila jioni anapeleka versema. Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka: simama, zima, ngoja angalau nusu saa. Usifungue kifuniko ikiwa moto, mvuke unachoma uso. Usimwange maji ya baridi juu ya moteri ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

Alama za jwa yenye kuungua ni hizi: maji yanapunguka na chini hakuna kuvuja, moshi nyeupe unatoka hata moteri ikiwa moto, maji ya radiateri yanatoa povu-povu moteri ikizunguka, mafuta yanakuwa kama maziwa ya kuganda chini ya kifuniko. Hiyo ya mwisho msiogope mbio, juu gari ya kutembea kilometre mbili tu kila siku wakati wa baridi inaweza kuonyesha kidogo ya hiyo bila kuwa na ugonjwa.

Batiri nitasema kwa ufupi. Nunua multimetri ndogo. Asubuhi, mbele ya kuwasha, batiri nzima inaonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2, iko nusu. Moteri ikizunguka, inapaswa kupanda kati ya 13.8 na 14.4 hivi, isipopanda, ugonjwa uko ku alternateri ao ku mukaba wake, na kununua batiri mpya ni kutupa pesa. Shida ingine yenye niliona sana: batiri za Japani ziko na vichwa vyembamba, zenye kutoka Ulaya ziko na vichwa vinene. Mutu ananunua yenye iko, fundi anapanua kamata kwa nyundo, kesho akirudisha batiri nyembamba kamata inacheza, anatia musumari. Gari inazima mu njia na watu wanasafisha bugi, wanapima pompi, na shida ni musumari. Ile unga nyeupe ao ya kijani ku vichwa, imwangie maji ya moto na bikarbonati ya soda, isugue, kausha, pakaa grisi.

Vumbi sasa, na hapa ninatumia masomo yetu. Rangi nyekundu ya vumbi ya Katanga ni chuma chenye kuoza mu udongo, na hiyo haiko mubaya zaidi. Mubaya ni punje za kwarzi, zile za mchanga, zenye ugumu kupita chuma nyingi za moteri. Zikipita filtri ya hewa, zinasugua silinda kama papye ya emeri. Wakati wa kiangazi, tokea mwezi wa tano mpaka wa kumi, ninafungua filtri kila wiki mbili, na kiangazi kikiisha ninanunua mpya. Kuipuliza kwa kompresa inawezekana, lakini pupulize tokea ndani kuenda inje, na hewa isiwe ya nguvu, juu papye inapasuka na tundu haionekani. Filtri ya papye haifuliwi. Nimeona mutu ameifua na sabuni na kuianika ku kamba kama shati.

Makelele ya mbele yanazungumza luga yao. Inagonga-gonga mu mashimo polepole: anza kuangalia biyeleti ya bare, ni bei kidogo, mbele ya kukubali kubadirisha amortisere mbili. Inafanya ka-ka-ka ukikunja volani mpaka mwisho: ni kardani, na mara nyingi ilianza na ile kaucho yake kupasuka, vumbi ikaingia mu grisi. Kuona kaucho imepasuka mapema ni kubadirisha kaucho na grisi tu. Inavuma, na uvumi unapanda na mbio ya gari: ni rulema ya mupira.

Freni nimeacha ku mwisho lakini kwa njia ya kushuka njo ya kwanza. Plaketi zikibaki chini ya milimetre 3, badirisha; mara nyingi unaweza kuziangalia kati ya matundu ya janti bila kutosha mupira. Zikianza kulia kila mara unapokanyaga, kuko kachuma kadogo kametiwa pale kwa kusudi, kakuambie zimekwisha. Maji ya freni ni DOT 3 kwa nyingi ya gari hizi, imeandikwa juu ya kifuniko chake. Inakunywa unyevu wa hewa mwaka kwa mwaka, na ikichemka kwa mteremko mrefu pedali inaenda mpaka chini bila kitu. Ibadirishwe yote kisha miaka mbili hivi. Na kama inapunguka na huko na plaketi nzima, inavuja pahali. Usiongeze tu na kuenda, weka mapapye chini ya kila mupira usiku na uangalie asubuhi ni wapi kumelowana. Mutu akikupa mafuta ya moteri, ao ya volani, ati uongeze mule juu DOT imekosekana ku duka, kataa, hata kama ni usiku na uko mbali: yale mafuta yanavimbisha kaucho zote za freni, na gari inalala pale pale mpaka DOT ipatikane.