Uzito wa Kitambuzi cha Metali na Mkono wa Mtafutaji

Mtu anayekishika kitambuzi cha metali kwa mara ya kwanza hukiona chepesi. Kilo moja na nusu au mbili si mzigo kwa mtu mzima; mwanafunzi hubeba zaidi ya hizo katika mkoba wake wa vitabu. Lakini mtu huyo huyo akikipunga chombo hicho huku na huku juu ya ardhi kwa muda wa saa moja, atalalamika kwamba kifundo cha mkono kinamuuma, kiwiko kimekaza na bega linamwaka moto. Je, uzito umeongezeka? La, hasha. Jibu la swali hilo limo katika sura ya wenzo ya kitabu chochote cha fizikia cha shule, ingawa si kila mtengenezaji wa vyombo hivi ameisoma sura hiyo kwa makini.

Kitambuzi cha metali, ambacho wachimbaji wetu hupenda kukiita ditekta, kina koili ya waya wa shaba iliyowekwa katika sahani, fimbo inayoshika sahani hiyo karibu na ardhi, na kisanduku chenye saketi za umeme na betri. Mkondo unaobadilika-badilika hupita katika koili na kuzalisha uga wa sumaku unaobadilika vivyo hivyo. Uga huo ukikikuta kipande cha metali huanzisha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo huzalisha uga wake dhaifu, ambao chombo huupokea na kuugeuza kuwa sauti. Kanuni hii ni ya zamani. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aliitumia mwaka 1881 kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, wala hakuipata.

Katika Vita Kuu ya Pili kanuni hiyo ilipewa kazi nzito zaidi. Luteni Józef Kosacki, mhandisi wa jeshi la Poland lililokuwa uhamishoni Uingereza, alibuni kitambuzi cha mabomu ya ardhini ambacho askari mmoja aliweza kukitumia akiwa peke yake. Mamia ya vyombo hivyo yalipelekwa Misri, na yalitumika katika mapigano ya El Alamein mwezi wa Oktoba 1942. Kila kimoja kilikaribia uzito wa kilo 14, kwa kuwa vali za redio na betri za wakati ule hazikuwa vitu vya kutia mfukoni. Baada ya transista kuvumbuliwa mwaka 1947, saketi zilipungua ukubwa mwaka hata mwaka. Kilo 14 zimekuwa mbili au pungufu, na pengine ndiyo sababu watu wengi walidhani kwamba suala la uchovu limekwisha.

Halijakwisha, na ubaya wake hauishii katika maumivu ya bega. Mtafutaji aliyechoka hutafuta vibaya, naye hajui kuwa anatafuta vibaya. Mkono wenye nguvu huipitisha koili sambamba na ardhi toka upande huu hadi upande huu. Mkono uliochoka huiachia koili ining'inie na kubembea kama timazi ya saa. Tuseme bembea hiyo ina urefu wa mita 1.3, nayo huenda nusu mita kila upande. Kwa kanuni ya Pythagoras, mwishoni mwa kila mpungo koili itakuwa mita 1.2 chini ya bega badala ya 1.3, yaani imeinuka sentimita 10 kutoka ardhini bila mwenyewe kukusudia.

Sentimita 10 ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Uga wa koili hudhoofika upesi kadiri ya umbali, na uga unaorudishwa na kipande cha metali hudhoofika tena katika safari ya kurudi. Kwa kipande kidogo kilicho chini ya kitovu cha koili, mwitikio hupatikana hivi: chukua mraba wa nusu kipenyo cha koili, ongeza mraba wa umbali wa kipande, kisha jumla hiyo uipandishe kipeo cha tatu; mwitikio hupungua kwa kadiri ya namba hiyo inavyokua. Koili ikiwa na nusu kipenyo cha sentimita 12 na kipande kikiwa sentimita 20 chini yake, kuinua koili sentimita 3 tu hubakiza karibu nusu ya mwitikio. Kuiinua sentimita 10 hubakiza sehemu moja ya saba. Sauti iliyokuwa dhahiri katikati ya mpungo haisikiki kabisa mwishoni mwake.

Kwa mchimbaji mdogo wa Chunya au Geita, hasara hiyo ni punje ya dhahabu iliyobaki udongoni. Kwa mtegua mabomu ni jambo jingine. Mabomu mengi ya kuua watu yametengenezwa kwa plastiki, na metali iliyomo ndani yake ni chache sana, pengine pini na springi ndogo tu. Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imekwisha kuyasafisha maeneo yote ya mabomu yaliyojulikana, lakini Angola kazi bado inaendelea, na watu wanaifanya wamepiga magoti juani, wamevaa deraya nzito, kipande kwa kipande cha ardhi. (Panya buku wanaofunzwa Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hunusa baruti yenyewe, si metali, wala hawana fimbo ya kupunga. Lakini mahali panya alipoashiria, mtu hurudi kuhakikisha kwa kitambuzi chake.)

Yafaa basi kukitazama chombo chenyewe kama wenzo. Chukua kitambuzi cha kilo 1.8, kilichogawanyika hivi: koili kilo 0.6, iliyo sentimita 90 mbele ya mpini. Fimbo kilo 0.4, ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 40 mbele ya mpini; na kisanduku chenye betri kilo 0.8, kilichofungwa sentimita 10 mbele ya mpini. Kwa kurahisisha hesabu, kila kilo moja ihesabiwe kuwa na uzito wa niutoni 10. Momenti kuizunguka ngumi ni 6 × 0.9, jumlisha 4 × 0.4, jumlisha 8 × 0.1, jumla yake ni niutoni-mita 7.8, na yote inavuta koili kwenda chini.

Kama chombo kina mpini peke yake, momenti hiyo yote hushikiliwa na kifundo cha mkono. Ndivyo vilivyokuwa vitambuzi vingi vya zamani, na aliyepata kuvitumia hana haja ya kuelezwa zaidi. Vitambuzi vya siku hizi vina mkia unaorudi nyuma ya mpini hadi karibu na kiwiko, na juu ya mkia huo kuna kikombe kilichopindwa kama nusu ya bomba, ambamo mkono hulala. Koili ikitaka kwenda chini, mkia hutaka kwenda juu, na mkono huuzuia. Ngumi imekuwa egemeo. Kikombe kikiwa sentimita 35 nyuma ya ngumi, mkono hukikandamiza kwa niutoni 7.8 ÷ 0.35, ambazo ni 22.3. Ngumi nayo lazima iinue uzito wote wa chombo pamoja na mkandamizo huo: 18 jumlisha 22.3, yaani niutoni 40.3. Mtu aliyeuziwa chombo cha kilo 1.8 kumbe ngumi yake inabeba kilo nne!

Sasa kisanduku kihamishwe kutoka mbele ya mpini, kikafungwe chini ya kikombe cha kiwiko. Hakuna gramu hata moja iliyopunguzwa. Lakini momenti ya kisanduku, iliyokuwa ikisaidia kuvuta koili chini, sasa inapingana nayo. Hesabu inakuwa 5.4 jumlisha 1.6 toa 2.8, ambayo ni 4.2. Mkandamizo wa kikombe unashuka hadi niutoni 12, na ngumi inabeba niutoni 30. Robo nzima ya mzigo wa ngumi imeondoka kwa kuhamisha skrubu chache. Hapo ndipo ilipo faida ya vitambuzi ambavyo betri zake zimewekwa nyuma ya kiwiko.

Wapo watafutaji ambao, wakiisha kuona faida hiyo, hutaka kuiongeza kwa kufunga kipande cha risasi au mfuko wa mchanga kwenye mkia. Hapa pana mtego. Uzito wa nusu kilo ukifungwa chini ya kikombe hasa, mkandamizo wa kikombe hupungua kwa niutoni 5, lakini uzito wa chombo nao umeongezeka kwa niutoni 5. Ngumi haipati nafuu hata kidogo. Bado inabeba niutoni 30 zile zile, huku bega limeongezewa nusu kilo. Ili ngumi ifaidike, uzito huo hauna budi kukaa nyuma zaidi ya kikombe, na hata hivyo bega litaulipia. Kuhamisha uzito uliopo na kuongeza uzito mpya ni mambo mawili tofauti, ingawa kwa macho yanafanana.

Tofauti na hayo, kila gramu inayopunguzwa kwenye koili huleta nafuu mara mbili au zaidi. Koili ya kilo 0.6 ikibadilishwa kwa koili ya kilo 0.4, ngumi hupunguziwa niutoni 2 za uzito wenyewe, pamoja na niutoni 5 za mkandamizo. Jumla ni 7 kwa gramu 200 tu. Tena faida haiishii hapo, kwa sababu kitambuzi hakishikwi tu, hupungwa. Mwishoni mwa kila mpungo koili husimamishwa kisha huanzishwa upya kwenda upande wa pili, na kinachopinga jambo hilo ni inesha, yaani ule ukaidi wa kitu kubadili mwendo wake. Katika mzunguko, inesha hukua kwa mraba wa umbali. Mpungo ukifanywa kwa kiwiko, koili ya kilo 0.6 iliyo mita 1.25 kutoka kiwikoni ina inesha ya 0.6 × 1.25 × 1.25, karibu 0.94. Kisanduku ni kizito kuliko koili, lakini hata kilipokuwa mahali pake pa kwanza, sentimita 45 kutoka kiwikoni, kilikuwa na 0.16 tu.

Kwa hiyo mtu anayenunua koili kubwa kwa tamaa ya kufikia chini zaidi yafaa apime gharama yote. Koili kubwa huona mbali zaidi kama kitu kinachotafutwa nacho ni kikubwa. Kwa punje ndogo ndogo haina msaada mkubwa, na jioni mwenyewe atakuwa akiipunga sentimita 10 juu ya ardhi.

Vitambuzi vinavyotumika katika udongo mwekundu wenye oksidi nyingi za chuma huwa vizito kuliko vingine, na wenye kuvitumia huvitundika kwenye mikanda ya mabegani kwa kamba ya mpira. Kamba hiyo ikifungwa mahali ambapo chombo husawazika, ngumi huachwa na kazi ya kuongoza tu. Ni dawa nzuri, lakini ijulikane inatibu nini: mpira hubeba uzito, haubebi inesha. Anayepunga kwa kasi atachoka vile vile, mikanda au pasipo mikanda. Mpungo wa polepole, unaotoka kiunoni na mabegani badala ya kifundo cha mkono, ndio unaomaliza siku.

Marekebisho mengine hayagharimu hata senti. Fimbo ndefu mno huongeza mkono wa momenti; fupi mno humwinamisha mtu na kuuhamishia mgongo taabu. Urefu unaofaa ni ule unaomwezesha mtu kusimama wima, kiwiko kikiwa karibu na ubavu, koili ikigusa-gusa majani mbele ya kidole gumba cha mguu. Kiwiko kukaa karibu na ubavu si urembo: mkono wa mtu una takriban sehemu moja ya ishirini ya uzito wa mwili wake, hivyo mtu wa kilo 65 akinyoosha mkono mbele amekwisha kulitwika bega zaidi ya kilo tatu kabla ya kuhesabu chombo. Tena msuli unaokazwa mfululizo huibana mishipa yake yenyewe ya damu, na ndiyo sababu kushika tu, bila kulegeza, huchosha upesi kuliko kukaza na kuachia. Kubadilisha mkono kila baada ya muda mfupi, kabla maumivu hayajaanza, ni jambo la busara.

Darasa lisilo na kitambuzi laweza kuyahakiki mengi ya haya kwa mti wa ufagio, uzi, chupa za maji na mizani ya springi inayopima hadi kilo tano. Mti ufungwe uzi karibu na mwisho wake wa nyuma, na uzi huo ufungwe kwenye mguu wa dawati. Hicho ndicho kikombe cha kiwiko. Mizani ishike mti sentimita 35 mbele ya uzi, mahali pa ngumi. Maji ya nusu lita na kidogo yaning'inizwe ncha ya mbele, na chupa ya mililita 800 iwe sentimita 10 mbele ya mizani. Mti ukiinuliwa hadi ukalala sawa, mizani isomwe. Kisha chupa ya pili ihamishiwe kwenye uzi: mizani itashuka kwa karibu kilo moja, uzito wa mti uwao wote. Halafu iongezwe papo hapo kwenye uzi chupa nyingine ya nusu lita, na kabla ya mizani kusomwa, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake anavyodhani itasoma.