Siku Moja Katika Mji wa Berlin

Jioni hii nataka kuwachukua katika matembezi ya siku moja katika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Mtu wa Dodoma ana sababu zake za kutaka kuujua mji ule. Reli iliyofika kwetu mwaka 1910, kisha ikaendelea Tabora hata ikafika Kigoma mwaka 1914, ilijengwa zama za utawala wa Wadachi. Na vitu vingi vilivyotoka katika nchi yetu zama hizo vilikwenda kukaa Berlin. Watembezi wengi hutazama majumba na maduka, wakarudi. Sisi tutatazama mambo yetu wenyewe yaliyomo ndani ya mji ule, nayo karibu yote yapatikana kando ya njia moja ya reli.

Njia hiyo huitwa U6. Magari yake huendeshwa kwa nguvu za umeme, na sehemu kubwa ya safari hupita chini ya ardhi. Msafiri hununua tikiti katika mashine, akaipiga muhuri katika kisanduku kabla ya kupanda. Hapana lango wala bawabu wa kumzuia mtu, na wageni wengi hudanganyika kwa jambo hilo. Wakaguzi huingia wamevaa nguo za kila siku kama abiria wengine, na asiye na tikiti hutozwa faini papo hapo.

Asubuhi na tushuke katika stesheni ya Unter den Linden. Ukienda kwa miguu kuelekea magharibi, baada ya robo saa utafika kwenye Brandenburger Tor, lango kubwa la mawe lililomalizwa mwaka 1791. Lina nguzo kumi na mbili, na juu yake pana sanamu ya gari livutwalo na farasi wanne, nalo laendeshwa na mwanamke mwenye mabawa. Mwaka 1806 Napoleon, mfalme wa Wafaransa, aliwashinda watu wa Berlin vitani, akaiteremsha sanamu ile na kuipeleka Paris. Wenyewe waliona uchungu mkubwa, na mwaka 1814, Napoleon aliposhindwa, waliirudisha kwa furaha na kuiweka mahali pake. Ikumbukeni habari hii, kwani tutakuwa na haja nayo mchana.

Tangu mwaka 1961 mpaka 1989 mji huu ulikatwa vipande viwili kwa ukuta, na lango lenyewe likafungwa. Gari la U6 liliendelea kutoka magharibi hata magharibi likipita chini ya mashariki, na katika stesheni nyingi za upande ule lilipita bila kusimama. Abiria waliona askari tu katika giza.

Sasa turudi garini, tuelekee kaskazini mpaka stesheni ya Naturkundemuseum. Hapo, katika Invalidenstrasse, ndipo ilipo nyumba ya makumbusho ya viumbe, ambayo hufungwa siku ya Jumatatu. Ukiingia tu katika ukumbi wa kwanza, shingo yako itainuka yenyewe. Mbele yako yasimama mifupa ya mnyama mwenye urefu wa mita 13.27 kutoka chini hata kichwani. Nyumba zetu za tembe zikipandishwa moja juu ya moja, yapata sita, ndipo zitamfikia. Mfupa mmoja tu wa mkono wake, ule wa juu, wapita mita mbili. Mtu mrefu akisimama kando yake huonekana mfupi.

Mnyama huyu ametoka Tanzania. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na mifupa yake ilichimbwa katika kilima cha Tendaguru, nyuma ya Lindi. (Kwa kweli mifupa hii si ya mnyama mmoja, imekusanywa kwa wanyama kadhaa wa jamii moja ili kupata umbo kamili.) Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imelala juu ya ardhi. Tangu mwaka 1909 mpaka 1913 wataalamu wa Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch, walisimamia kazi ya uchimbaji. Lakini waliochimba walikuwa watu wa kusini, mamia kwa mamia, katika nchi ambayo vita vya Majimaji na njaa iliyofuata vilikuwa vimeiacha ukiwa. Kila kipande kilifungwa vizuri, kikabebwa kichwani au begani mwendo wa siku nne hivi mpaka Lindi, kikapakiwa melini. Mizigo yote ilipita tani 200. Ndipo nasema, atazamaye mifupa ile asitazame urefu wake tu, bali ahesabu na miguu iliyotembea chini yake.

Mmoja wa wasimamizi wa kazi aliitwa Boheti bin Amrani. Alijua kuisafisha na kuitunza mifupa kwa ustadi, na mwaka 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa na wataalamu jina la Australodocus bohetii kwa kumheshimu. Heshima hiyo ilichelewa karibu miaka mia, lakini ilikuja. Kama mifupa yenyewe yapasa kurudi ni neno linalobishaniwa na watu wa huku na wa kule. Kwa maoni yangu, watu waliofurahi mwaka 1814 hawawezi kushindwa kulielewa swali hilo.

Ukitoka hapo, fuata Invalidenstrasse kuelekea mashariki mpaka Brunnenstrasse, mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo. Mbele ya nyumba namba 193 tazama chini, kwani katika njia ya wapitao kwa miguu pana bamba dogo la shaba, upana wake kama kiganja. Ni ukumbusho wa Mahjub bin Adam, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatiwa jeshini na Wadachi angali mtoto katika vita vya 1914. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Akakataliwa. Akakaa mji ule akihudumu mezani, akisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu na kucheza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa ajili ya mapenzi yake na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Filamu yake ya mwisho ilimsifu Carl Peters, na jina hilo latupeleka kituo cha mwisho. Rudi kwenye U6, uende kaskazini mpaka stesheni ya Afrikanische Strasse. Katika mtaa ule njia zimeitwa kwa majina ya Afrika, na utasoma Sansibarstrasse, Tangastrasse, Usambarastrasse. Mwaka 1939 njia moja iliitwa Petersallee, kwa jina la Peters huyo, ambaye mwaka 1890 alipita Ugogo akitoka Uganda, akakataa hongo, akapigana na wazee wetu, akachoma vijiji na kuteka ng'ombe, kabla ya kufika Mpwapwa. Habari hizo aliziandika mwenyewe bila haya. Mwaka 1986 wakuu wa mji walisema kuwa tangu siku ile jina ni la Peters mwingine, Hans, mtu mwema aliyewapinga wafuasi wa Hitler. Yaani walibadili mwenye jina wakaliacha jina! Watu wa mtaa hawakuridhika. Tarehe 23 Agosti 2024 kibao kiliteremshwa, na sehemu moja ya njia ile sasa huitwa Maji-Maji-Allee.

Neno moja kwa atakayesafiri mwezi wa Desemba: huko jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Basi aanze na vibao hivi asubuhi, angali na mwanga wa kuvisoma, na mifupa aiache mchana, kwani ukumbi ule una taa.