Macho yakichoka, kompyuta ikusomee ankara

JUBA: Mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo ambaye macho yameanza kufifia humpa kijana wa kompyuta amsomee ankara za mzigo uliopita Nimule. Kuanzia hapo kijana anajua bei uliyonunulia Kampala, na anayejua bei yako anajua faida yako.

Kumbe Windows 10 na 11 zina msaada ndani yake, bila malipo wala intaneti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, maandishi yanakuwa makubwa. Ukimaliza, Windows na Esc. Asiyeona kabisa abonyeze Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja, programu ya Narrator itaanza kusoma. Nyaraka nyingi za forodha hapa ni za Kiingereza, kwa hiyo sauti ya Kiingereza inatosha. Vaa spika za masikioni, jirani asisikie.

Tatizo ni ankara iliyopigwa picha kwa simu: hapo Narrator hukwama. Mwambie wakala wako wa forodha atume faili lenyewe lililochapwa. Atanung'unika, maana picha ya WhatsApp ni rahisi kwake. Mshikilie, sifuri moja ikipotea, anayelipa ni wewe.